Rangi ya Vita ya Boti ya Mama Ottilia

Kilian wa Mbuji alikuwa na madebe kumi na moja ya rangi ambayo hakuna mtu Mbinga nzima aliyeitaka. Ilikuwa nyeusi, nyeupe na ya kijivu, masalio ya ukarabati wa bweni fulani, na nusu yake ilikuwa imeganda kama ugali wa jana. Aliyapata kwa kubadilishana na baiskeli yake, akiamini kwamba katika miaka hii ya ruksa ya biashara kila mwenye kahawa angejenga, na kila aliyejenga angepaka rangi. Mwaka huo wa 1994 watu walijenga kweli. Walipaka chokaa.

Asubuhi moja alikuwa amekaa sokoni juu ya debe mojawapo, akijihesabu mfanyabiashara, alipomsikia mama mmoja wa makamo akimweleza muuza misumari kwamba boti ya doria ya ushuru imemnyang'anya sukari kwa mara ya pili. Huyo alikuwa Mama Ottilia wa Ngumbo, kule ziwani. Alikuwa na boti ya injini iliyopeleka maharage Nkhata Bay, Malawi, na kurudi na sukari na sabuni, na ambayo kwa tabia yake haikupenda kupitia forodhani. Mama mwenyewe alivaa kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na kulalamika kwa upole, kama anayesoma matangazo baada ya misa. Kilian hakuusikia upole. Alichosikia ni boti, tena boti yenye mbavu ndefu zisizo na rangi.

Alimwamkia kwa shikamoo iliyomfikisha karibu na magoti, kisha akamweleza kwamba yeye amefika ng'ambo, ametembelea mahali walipopigana wazungu, na huko ameona kwa macho yake siri ya kupitisha chombo mbele ya adui.

Hapa tumtendee haki, maana si yote yalikuwa uongo. Miaka miwili kabla, mzungu mmoja mstaafu aliyependa mambo ya vita vya kwanza vya dunia alimchukua kuwa mpishi wake, wakazunguka ziwa kwa gari hadi Malawi. Malawi iko ng'ambo ya ziwa. Msikilizaji akidhani Ulaya, Kilian hakuona sababu ya kumkatiza. Mzungu alitazama makaburi, mizinga na jumba la makumbusho. Kilian alitazama tairi la akiba lisiibiwe. Aliingia makumbusho mara moja tu, akitafuta choo, na ukutani akaona picha ya meli ya kivita iliyopakwa mistari myeusi na myeupe, imepindana kama pundamilia aliyeanguka ngazini. Mlinzi akamweleza maana yake. Choo hakukipata, lakini elimu aliipata.

"Rangi ya namna hii haifichi boti, mama. Inaficha safari," alisema sasa. "Adui anaiona, lakini hajui kama inakwenda au inarudi. Wakati anafikiri, wewe umeshakoroga chai."

Mama Ottilia aliwaza kidogo, akauliza kama wazungu walioipaka ndio walioshinda. Kilian akasema ndio hao hao.

Wakakubaliana. Yeye angetoa rangi na ufundi, na boti ikirudi salama safari ya kwanza angepewa magunia mawili ya sukari na katoni nne za sabuni. Kilian aliomba kitu kidogo cha kutangulizia. Mama akamwonyesha mkoba wake, uliokuwa na misumari na rozari, na Kilian akaona haya kumsumbua mtu mnyoofu kiasi hicho.

Aliteremka Ngumbo juu ya lori, amekumbatia madebe kwenye kila kona ya mlima. Akapaka siku nne. Akina mama waliokuwa wakianika dagaa wa usipa mchangani waliacha kazi kumtazama. Mmoja akauliza kama kuna harusi, mwingine kama boti inaumwa. Rangi iliyoganda aliilainisha kwa mafuta ya taa, na palipobaki mabonge akasema ndiyo mtindo wenyewe. Kila jioni Mama Ottilia alimpelekea ugali na samaki mbasa wa kuchoma, akamwita Mtaalamu mbele za watu. Jina hilo lilimwingia. Siku ya nne alirudi nyuma hatua thelathini, akafumba jicho moja, na kwa kweli hakuweza kujua boti inaelekea wapi. Alisahau kwamba ilikuwa imevutwa nchi kavu na haikuelekea popote.

Hapo ndipo Mama Ottilia alipomfanyia wema. Mbele ya nahodha wake Egidi, na mbele ya Mzee Ignatio, mwenyekiti wa kijiji, alisema kwamba amewaza sana namna ya kumshukuru Mtaalamu. Maharage ya Umatengo, huko milimani kwao, yana bei nzuri sana Nkhata Bay. Alete yake, yatavushwa bure.

Kilian alisema hapana, asante, asingependa kujaza boti ya watu.

"Nafasi ipo, mwanangu," Mama Ottilia alisema. "Au unaiogopa rangi yako?"

Watu wakamgeukia. Kilian alijua vizuri kuliko yeyote kwamba ile boti ingeonekana hata na kipofu. Lakini alikuwa pia amesikia kwamba boti ya doria haina mafuta tangu Jumapili. Basi hatari haikuwepo, faida ilikuwepo, na heshima yake ilikuwa imesimama pale mchangani ikisubiri jibu. Akasema ataleta.

Maharage hayakuwa yake. Yalikuwa magunia nane ya mkewe Walburga, aliyoyalima kwenye ngolo kule Mbuji, kilima kizima cha mashimo aliyoyachimba kwa mkono wake, na yalikuwa yamekwisha kugeuka mabati kichwani mwake. Hata idadi ya misumari aliijua. Kilian alimweleza kuhusu bei ya Nkhata Bay. Walburga alisikiliza akipepeta, kisha akauliza nani anasafiri na mzigo.

"Nahodha Egidi. Mtu wa kanisa."

"Nenda nao wewe."

Kilian akasema kuna kazi nyingine za rangi zinamsubiri. Ukweli ni kwamba aliliogopa ziwa, na zaidi aliogopa kukutwa juu ya yule pundamilia. Walburga alimtazama mpaka Kilian akainama kufunga kamba ya gunia ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Boti iliondoka mchana kweupe, maana mtu hapaki rangi ya vita kisha akasafiri kwa kujificha. Kilian alisimama ufukweni na kupunga mkono. Aliiona kwa muda mrefu sana, mrefu kuliko boti yoyote aliyowahi kuiona.

Siku tatu zilipita Kilian akingoja palepale Ngumbo, kisha tano. Siku ya saba Egidi alirudi na meli ya abiria, mikono mitupu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Ottilia. Baadaye mama akamwita Kilian, akamkalisha, akampa chai isiyo na sukari. Akamweleza kwa upole uleule kwamba walifika salama, doria haikuwaona, wakatia nanga pembeni kidogo ya bandari na kwenda kusalimia ndugu. Waliporudi hawakuiona boti. Waliitafuta siku nne.

"Imepotelea palepale," alisema. "Rangi yako ina nguvu, mwanangu. Mimi ndiye niliyepata hasara kubwa, lakini sikulaumu."

Kilian aliinywa chai yote. Katika maisha yake alikuwa amewaambia watu mambo mengi, lakini hakuna aliyewahi kumrudishia maneno yake yamefungwa vizuri namna ile.

Alikwenda Liuli, ufukwe huohuo wa ziwa, kutafuta lori la kumrudisha juu. Na pale Liuli, mchangani, palikuwa na boti ya kijani kibichi, rangi mbichi bado. Urefu uleule, kiraka kilekile cha bati ubavuni. Akaikwangua kwa ukucha. Chini ya kijani kukatokea mstari mweusi wenye bonge.

Hakulala wala hakula mpaka amewaleta pale wote: Mama Ottilia, Egidi na Mzee Ignatio, aliyekuja akinung'unika kwamba ameacha mihogo yake juani. Kilian akaionyesha boti, akidai ndiyo ile ile na maharage yake yameuzwa. Mzee Ignatio, mtu wa haki na wa taratibu, akasema mambo yaende kwa mpangilio. Kama Kilian anasema doria ingeweza kuitambua boti hii kwa urahisi, basi aliuza rangi ya uongo, na hilo ni kosa. Kama haitambuliki, basi yeye anaitambuaje? Tena mzigo wenyewe ulikuwa unakwenda wapi, na kibali chake kiko wapi? Hapo akageuka kutazama njia iendayo kituo cha polisi.

Mama Ottilia alimsogelea Kilian, akamshika bega kama mama kweli.

"Mtaalamu," alisema, "wewe ndiye unayejua. Boti yangu unaiona hapa, au huioni?"

Egidi alikuwa ameegemea ubavu wa boti hiyohiyo. Kilian alitazama kijani, akatazama kiraka, akatazama mstari wake mweusi.

"Siioni, mama," alisema.

Mama Ottilia akampa nauli ya lori. Aliipokea.

Alimkuta Walburga shambani, akamweleza yote bila kupamba, jambo ambalo lilimchukua muda kwa sababu hakuwa na mazoezi. Walburga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakaa chini ukingoni mwa shimo. Halafu akaacha ghafla. Magunia nane ni magunia nane. Hakumtukana. Alimkabidhi jembe, akamwonyesha mahali kilima kinapoanzia na mahali kinapoishia, akaenda kupumzika.

Kilian alilima kilima chote, na mabati hayakununuliwa. Mvua zilipoanza, walikisogeza kitanda mara tatu kukwepa matone ya paa, na kila mara yeye ndiye aliyekibeba.