Albamu ya Mke Wangu Isimamishwe

Kanoni, Karagwe

Ndugu Mkurugenzi wa Redio,

Nakusalimu kutoka huku Kanoni, ambako redio yenu inashika vizuri mno, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Mimi naitwa Projest, mkulima wa ndizi na kahawa. Mke wangu Kokwijuka, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, aliondoka mwezi wa sita akarudi kwao Kihanga pamoja na binti yetu Adela. Sikulalamika; nilidhani amekwenda kupumzika. Mwezi wa tisa nikamsikia kwenu. Ametoa albamu ya nyimbo sita, zote zinanihusu mimi, nanyi mnazipiga kila Jumapili kwa mpangilio, kama masomo ya ibada. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wimbo wa kwanza unasema siku ya kumposa nilimpakia kwenye baiskeli nikapanda naye mlima huku nikiimba. Si kweli. Mlimani alishuka akanisukuma. Nataka ukweli utangazwe, ingawa naona haunisaidii.

2. Wimbo wa pili unadai kwamba Adela alipozaliwa mimi nilikuwa kilabuni nakunywa rubisi. Nilikuwa nasherehekea. Kwamba nilianza siku mbili kabla, hiyo ni furaha tu.

3. Wimbo wa tatu ni wa mtoto anayemwuliza baba yake, "Utakuja lini shuleni kwetu?" Hapa mmevuka mpaka. Ametafutwa mtoto wa watu, mwenye sauti ya kutia huruma, ajifanye mwanangu. Mimi ni mzazi, Ndugu Mkurugenzi. Sauti ya mwanangu naijua hata katikati ya gulio.

4. Wimbo wa nne unahusu watu wawili wanaokula bila kusemeshana. Juzi Mzee Kashaija alinisimamisha njiani. Nikampa shikamoo, naye badala ya kuitikia akauliza, "Wewe si ndiye yule wa wimbo wa nne?" Nikamjibu, "Hapana mzee, mimi ni wa wimbo wa kwanza." Watu wakacheka hadi wakashika miti ya kahawa.

5. Wimbo wa tano unasema alipokuwa anafunga mizigo nilimwuliza kama chumvi ipo. Ni kweli nilimwuliza. Haikuwepo.

6. Wimbo wa sita haunitaji kabisa. Anaimba kwamba siku hizi analala vizuri. Huu umeniumiza kuliko zile tano zote.

Kwa hiyo naomba albamu isimamishwe. Ikishindikana, nipewe saa nzima nijibu wimbo kwa wimbo, ingawa siimbi. Hilo nalo likishindikana, nitajwe kuwa mtunzi mwenza, kwa sababu nisingekosea miaka kumi mfululizo, Kokwijuka angeimba nini?

Nisalimie watangazaji, fundi mitambo, na mama anayesoma matangazo ya vifo kwa upole ule. Wazee wote hapo ofisini nawaamkia.

Mimi ninayesikiliza bila kupenda,
Projest

Tanbihi: Adela amekuja leo kuchukua sare yake ya shule, akaisoma barua hii kabla sijaifunga. Alipofika namba tatu akasema, "Baba, anayeimba pale ni mimi."

Nimemwuliza kikao cha wazazi ni lini. Amesema Alhamisi, saa nne. Naomba hayo yote ya juu myaache. Jumapili mpige wimbo wa tatu, na kama muda upo, mrudie.