Mfereji Usivuje Hata Tone

Jumatatu, 16 Juni
Nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji! Bonde zima chini ya mtaa wa Batsinda liko mikononi mwangu. Kura ya ushindi imetoka kwa Mukamana, mjane mwenye shamba la mwisho kabisa, ambako maji ya mfereji hufika yamechoka. Nimemlipa kwa zamu yangu ya maji, msimu mzima. Zamu ya nini? Mimi nina chemchemi yangu, kile kisima kilicho chini ya shamba, hakijawahi kukauka. Mke wangu Aneth amenuna. Anasema aliuza cherehani yake tukanunua miche ya nyanya, kwa hiyo nisiichezee. Hajui siasa huyu.

Alhamisi, 19 Juni
Kikao cha kwanza. Nimepitisha sheria: ni marufuku kurudishiana zamu mpaka mavuno. Mukamana asije akanirudishia zamu na kura akaichukua! Kalisa, niliyemshinda, akauliza mwenyekiti atafanya nini cha maana. Fitina tupu. Nikamjibu kwamba nusu ya maji ya mfereji huu wa udongo hunywewa na ardhi njiani, na kwamba sisi tuliohamia huku kutoka Marangu tumezaliwa kando ya mifereji. Nitaziba kila tundu. Makofi! Kalisa hakupiga.

Jumamosi, 28 Juni
Umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Wenzetu wa Kagugu wamefagia barabara, sisi tumeziba mfereji. Tumemwaga udongo wa mfinyanzi, tukaushindilia kwa miguu. Kipande kilicho juu ya shamba langu ndicho kilichovuja kuliko vyote, nyasi kijani hadi aibu. Nimekikanyaga mwenyewe mpaka visigino vikauma. Kwenye mkutano wa baada ya kazi nimehutubia mpaka watu wakaanza kuondoka. Aneth aliniuliza mbona zile nyasi zimeota zikielekea kisimani kwetu. Nikamwambia asinikatize.

Jumatano, 2 Julai
Maji yamefika kwa Mukamana! Amekuja kunishukuru: "Mwenyekiti, maji iko mingi sana, Imana ikubariki." Nimevimba kichwa, nakiri. Kisima changu kimeshuka kidogo. Ni hili jua.

Jumatatu, 7 Julai
Kisima ni tope. Kalisa! Ama amekiloga, ama amekichimbia kwa chini. Nyanya zimeinama. Nimekwenda kwa Mukamana kwa unyenyekevu wote, nikamwomba anirudishie zamu. Akasema yeye hana neno, ila anaogopa ile sheria ya mwenyekiti. Kalisa alikuwa anapita. Akasema sheria ni nzuri, akaendelea na safari yake.

Ijumaa, 18 Julai
Nyanya zimekufa. Imebaki mistari miwili karibu na kisima, nayo imenyauka. Aneth sasa ni kibarua kwa Mukamana. Anarudi jioni mikono imepasuka, mikono iliyokuwa ikishona magauni ya harusi. Anapika, anaweka sahani, haniangalii. Inaniuma. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayenisikiliza.

Jumanne, 22 Julai
Asubuhi Aneth ameniita kwa kelele. Maji kisimani! Machache, unasubiri sana ndiyo ujaze ndoo, lakini safi. Ile mistari miwili imeanza kuinua majani. Aneth alikuwa anacheka. Sijamsikia akicheka tangu niwe mwenyekiti. Nikamwambia, si nilisema chemchemi yangu haifi?

Nikapanda kukagua mfereji, naona nini! Ufa. Juu ya shamba langu mwenyewe, maji yanachuruzika kuteremka bondeni. Kalisa angeuona, uso ningeuficha wapi? Bahati nimewahi. Nimeuziba barabara, udongo juu ya udongo, nikakanyaga mpaka pakawa pagumu kama sakafu. Aneth bado yuko kule chini anachota kwa kikombe. Sijamwambia kitu. Nataka ashangae mwenyewe kisima kikianza kujaa.