Hila za Kutokwenda Norfolk

Jumatatu, 20 Mei

Balaa! Mke wangu Hilary amekata shauri: juma la kwanza la Juni tunakwenda Norfolk. Si "tutaona". Si "Mungu akipenda". Tunakwenda! Amebandika ramani ya pwani kwenye mlango wa friji, juu kabisa ya ratiba yangu ya klabu.

Nikamuuliza mke wangu kwa upole kwa nini twende mbali hivyo, ilhali bustani tunayo na viti vipo. Akanikumbusha kwamba fungate yetu ilikuwa huko, kwamba mvua ilinyesha juma zima, na kwamba nilimwapia tutarudi kuiona ile bahari kukiwa na jua. Kila mwaka nimesema mwakani. Mwanamke huyu hasahau kitu.

Hajui shida yangu. Juma hilohilo klabu ya matufe ya hapa Kettering inachagua nahodha. Nusu ya umri wangu nimeviringisha matufe kwenye zile nyasi, nimeinama mpaka magoti yanalia kama bawaba, na sijapewa hata unahodha msaidizi. Mgombea mwingine ni mmoja tu: Desmond Pruitt, dereva wa basi mstaafu, mwenye meno yake yote na hamu ya kuyaonyesha. Na kanuni ni kanuni: asiyehudhuria hachaguliwi.

Norfolk! Kwa nini isizame?

Jumatano, 22 Mei

Wazo! Nimecheka peke yangu bafuni mpaka Hilary akagonga mlango kuuliza kama nimeteleza.

Mimi kubaki tu hakutoshi. Inabidi Desmond aondoke! Aende yeye Norfolk, mimi nibaki niokote unahodha.

Nimekwenda klabuni. Desmond alikuwa akipangusa matufe yake kwa kitambaa laini, utadhani anamwogesha mtoto. Nikaanza. Nikamsimulia sili, wale wanyama wanono wa baharini, wanaoota jua kwenye mchanga wa Blakeney, kaa wa Cromer watamu kuliko siagi, na anga pana lisilo na mwisho. Ninachokumbuka mwenyewe ni mvua na godoro lenye madonge, lakini ulimi ulinitii. Bi Gwen Tarrant, katibu wetu, akavuta kiti karibu. Wengine wakaacha chai ipoe. Sijawahi kusikilizwa hivyo tangu nijiunge.

"Cyril, bwana wee," Desmond akasema, "kumbe ndani yako mna mshairi! Mbona ulimficha?"

Amenasa.

Ijumaa, 24 Mei

Sasa zamu ya mgongo. Asubuhi, katikati ya mkate na jamu ya machungwa, nikajishika kiuno, nikapiga yowe. Hilary akaangusha kisu. Nikamwambia kwa sauti dhaifu kwamba safari ndefu itaniua. Akaniuliza upande gani unauma. Nikasema kushoto. Akaniletea chupa ya maji moto, akaniwekea mto, akanipapasa kichwa.

Mchana akauliza kama bado unauma. Nikasema unachoma kama kaa la moto, nikajishika. Kulia.

Alinitazama tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma bei ya kitu asichokusudia kununua.

Jumapili, 26 Mei

Sanduku liko kitandani. Jana Hilary alikuwa ameshaweka kaptura yangu ya kuogelea na kofia yangu ya jua kando ya vitu vyake. Leo amevitoa. Amevikunja vizuri, akavirudisha kabatini, polepole. Heri angenifokea.

Akasema nipumzike, yeye atakwenda. Nikauliza, peke yake? Akasema Desmond naye anakwenda, amejitolea kumchukua.

Desmond! Na mke wangu!

Nikajiambia mpango umefaulu. Adui anaondoka. Lakini kuna kitu kimenibana kifuani tangu saa ile, wala si mgongo.

Alasiri Desmond amekuja na zabibu za mgonjwa. Akaniambia, "Pole, mzee mwenzangu. Usijali, bibi yako yuko mikono salama." Meno yote nje. Amekula nusu ya zabibu mwenyewe.

Jumanne, 28 Mei

Nimekwisha. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Nimekwenda klabuni, nikichechemea kwa ajili ya macho ya watu, nikaonje ushindi. Bi Gwen akanipokea kwa mikono miwili. Akasema wanachama wote wamekodi basi, wote wanakwenda Norfolk, na uchaguzi utafanyika hukohuko, kwenye nyasi za klabu moja ya pwani iliyowakaribisha. Desmond ndiye dereva.

"Na yote kwa sababu yako, Cyril! Ulivyowasimulia wale sili, mume wangu alitokwa na machozi. Yule hajalia hata kwenye mazishi ya mama yake."

Nikauliza kiti changu kiko wapi. Akanishika bega. Kwa kuwa mimi ni mgonjwa, kiti amempa shemeji yake. Basi limejaa.

Nimerudi nyumbani bila kuchechemea. Nilisahau.

Alhamisi, 30 Mei

Muujiza! Ndivyo nilivyopanga uitwe. Asubuhi nimeingia jikoni nikicheza, nikazunguka meza, nikainama nikagusa vidole vya miguu (karibu). Nikatangaza nimepona, na kwamba nitasimama kwenye basi njia nzima ikibidi.

Hilary akasema ashukuriwe Mungu. Kisha akasema ikiwa nimepona, ngazi iko banda la nyuma na mfereji wa paa umejaa majani tangu vuli.

Ningekataaje? Nikapanda. Ngazi ikateleza. Nikatua kwenye mawaridi yake.

Akaja mbio.

"Leo ni upande gani?"

"Pande zote!"

Akacheka. Mara ya kwanza juma hili. Halafu akaona kwamba siinuki, akaacha kucheka, akapiga magoti kwenye udongo akanishika mkono. Daktari amesema nilale, na basi la klabu nisilione hata kwa mbali.

Hilary akaketi ukingoni mwa kitanda akasema atabaki. Alisema hivyo akitazama dirishani, ambako kwa mara ya kwanza mwaka huu palikuwa na jua la kweli.

Nikamwambia aende. Sikuwa na hila yoyote nyuma ya neno hilo. Naandika kwa sababu ni jambo geni kwangu, na sikulipenda.

Jumamosi, 1 Juni

Wameondoka. Basi lilipita mtaani kwetu, Desmond akapiga honi kama anasindikiza harusi. Hilary alikuwa kiti cha mbele na kofia mpya. Sikujua ana kofia mpya. Alinipungia mpaka kona.

Ameniachia pai ya nyama na maagizo ya kuipasha. Nimeila baridi. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Jumatatu, 3 Juni

Hilary amepiga simu. Jua kali! Sili wamelala chungu nzima! Ameipata ile nyumba ya wageni ya fungate yetu, na dirisha bado halifungiki. Akasema alisimama chini yake akatamani ningekuwepo. Nikaanza kulainika.

Kisha akasema Desmond amembebea mkoba.

Nimekosa hamu ya chakula. Pai nayo imekwisha.

Jumatano, 5 Juni

Simu tena. Mgongo umepoa kidogo, nikaipokea nimesimama. Akasema uchaguzi umefanyika. Nikafumba macho. Nikasema mpe Desmond hongera.

"Si Desmond. Ni mimi."

Walikuwa wakipasha misuli kabla ya kura. Hilary akaomba tufe moja ajaribu, kujifurahisha tu. Akamshinda Desmond. Akaombwa arudie, akamshinda tena. Bi Gwen akalipendekeza jina lake na mikono yote ikapanda juu. Wake wa wanachama nao huhesabiwa wanachama. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, ili chai ipate wapishi.

Nikakaa chini. Nikacheka, halafu sijui ikawaje, nikalia.

"Njoo, Cyril," akasema. "Kesho kuna treni. Nitakungoja kituoni na kofia yangu. Njoo tu, mume wangu. Usilete ujanja wowote."

Nikaapa. Kwa moyo mweupe kabisa, nikaapa.

Nikaweka simu chini nikaanza kufunga sanduku. Kaptura, kofia ya jua. Nikiwa kwenye soksi, nikawaza: nahodha lazima awe na msaidizi. Nani atamteua? Kamati. Nani yuko karibu na kamati, anakula nao kaa, anabeba mikoba?

Nimempigia Bi Gwen. Nimeziba pua, nikasema kwa sauti nzito kwamba mimi ni raia mwema, na kwamba Bwana Pruitt haoni vizuri tena na huficha miwani. Nikaongeza kuwa klabu ina mtu mmoja mnyenyekevu aliyetupwa nyumbani, anayefaa kuwa msaidizi wa nahodha.

Bi Gwen akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante kwa taarifa, Cyril. Safari njema kesho."

Simu za pwani zina mawimbi mabaya. Pengine amenichanganya na Cyril mwingine.