Shemasi na Ndugu Yake Mtao

Shemasi, fundi bomba wa mtaa, alifika kwenye benchi la kinyozi akiwa amefura kwa hasira, mkoba wa spana begani, simu mkononi.

"Jamani, mdogo wangu kapotea!"

"Kapotelea wapi?" Breki, dereva mstaafu, akaruka. "Tuanze polisi au hospitali?"

"Kwenye Utao! Katangaza asubuhi hii kwenye kundi la ukoo. Nimeshamwandikia: kuanzia leo usinijue, nisikujue. Bado kutuma tu."

Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake tangu mama yao afariki, akamfundisha kusali kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ilimuuma, tena sana.

"Huo Utao unalika au unavaliwa?" Breki akauliza.

Kinyozi, waliyemwita Profesa kwa kusoma kila kitu mtandaoni, akazima mashine. Mteja akabaki na nusu kichwa.

"Ni imani ya Wachina wa kale. Ipo Njia, haina jina, ndiyo chanzo cha vyote. Usilazimishe mambo. Uwe kama maji: yanakwenda chini, hayagombani na mtu."

"Hayagombani?" Shemasi akadakia. "Maji uniulize mimi! Yaache hivyohivyo, jioni unaanika godoro. Halafu njia isiyo na jina, siku ukiugua unamwita nani? Bwana wetu hakuishia kuonyesha njia, alisema njia ni yeye mwenyewe. Ukimwita anaitika!"

"Hapo umenena," Breki akakubali. "Barabara nimeikanyaga miaka arobaini, haijawahi kunijulia hali."

"Na hilo la kwenda chini?" Profesa akachokoza.

"Hilo hatukuazima kwa mtu. Bwana aliinama akawaosha wanafunzi wake miguu."

"Haya. Maji yanakwenda chini, Mtao anakwenda chini, Bwana naye aliinama. Sasa aliyebaki juu ni nani?"

Benchi zima likamgeukia Shemasi, hata yule wa nusu kichwa. Aibu ikamshika. Akakohoa, akafuta ujumbe, akapiga simu.

"Kaka!" Sauti ilisikika mpaka barabarani. "Afadhali umepiga! Bomba la jikoni limepasuka. Nimejitahidi nisilazimishe mambo, lakini maji yameshafika sebuleni!"

"Funga koki kubwa, mjinga wewe! Nakuja!"

Akanyakua mkoba, huyoo, mbio.

"Unakwenda kumhubiria?" Breki akapaza sauti.

"Nikishatoka chini ya sinki!"