Tumbo Langu kwa Mtihani wa Lorine

Jumatatu, 10 Novemba

Lorine amepiga simu kutoka chuo cha manesi, Homa Bay. Sauti nyembamba kama uzi. Alhamisi ni mtihani wa vitendo. Alianguka mara ya kwanza, akianguka tena basi, anarudi Mbita kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani, na mimi. Nikamwambia omena ni kazi nzuri. Akalia! Na nilikuwa namfariji.

Kumbe hawatumii kalamu. Watu wazima wenye afya wanaletwa kutoka mtaani, wanalala kitandani, wanajifanya wagonjwa. Mwanafunzi anawahudumia, mwalimu anaangalia kama ana akili. Sijaelewa. Mtu mzima wa afya anatibiwa nini?

Kibaya zaidi, wanafanya wawili wawili. Mmoja akianguka, wote chini. Na Lorine amewekwa na nani? Duke! Duke wa Adhiambo, huyo Adhiambo anayesukuma beseni lake sokoni mpaka langu linaingia mtaroni.

Nikauliza hao wagonjwa wa uongo wanaandikishwa wapi. Lorine akataka kujua kwa nini nauliza. Nikasema simu inaisha chaji.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefanya mazoezi ya kuugua. Kulalamika kwa chini, kulalamika kwa juu, kugeuza macho. Nilikuwa nimefika kwenye kugeuza macho wakati Adhiambo, aliyesikia nikilalamika, aliingia mbio na uji. Akanishika paji la uso. Akaniambia pole dada yangu, usituache wakati huu. Dada yangu! Tangu lini? Na wakati huu ni wakati gani? Huyu mwanamke anatafuta kitu.

Uji nimekunywa. Ulikuwa na ndimu.

Jumatano, 12 Novemba

Homa Bay. Nimejiandikisha kwa mwalimu wao, Sista Emmaculate. Nikasema naitwa Rispa, natoka Sindo. Amenipa ugonjwa: tumbo linauma upande wa kulia, homa, kutapika. Mwanafunzi lazima abonyeze tumbo, halafu aamue kama daktari aitwe haraka. Ameniambia nisijibu ambacho sijaulizwa.

Hilo ndilo gumu. Lakini nina mpango. Lorine akikaribia jibu, nitakohoa.

Alhamisi, 13 Novemba

Yawa!

Wameingia. Lorine kuniona tu akaangusha kipimajoto. Nikamkonyeza, tulia nyathina, mtoto wangu, mama yupo. Duke naye akaniona, akageukia ukuta.

Sista akamwambia Duke aanze, yeye ndiye wa kupima. Duke akauuliza ukuta mgonjwa anaumwa wapi. Nikajibu hapa kulia, njoo ubonyeze. Akarudi nyuma. Nikaona labda hajui tumbo liko wapi, nikapandisha nguo nimsaidie. Tumbo lote nje! Duke akafunika uso na faili, akakimbilia mlangoni.

Nilikasirika. Nikamwambia kama ni harufu ya omena, hata mamake ananuka hiyo hiyo. Sista akamwuliza kama haoni mgonjwa anakufa. Nikazidi kufa. Duke akasema, kwa sauti ya kuku aliyenyeshewa, kwamba hawezi, hata kama ni kuanguka mtihani.

Hapo Lorine akapasuka. Akasema mama, funika tumbo! Huyo Desemba analeta ng'ombe wa mahari kwetu! Wewe ni maro wake!

Maro. Mama mkwe. Mimi! Mtu ambaye, kwa mila yetu, Duke hawezi hata kula mbele yake, sembuse kumbonyeza tumbo. Nikavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Kwa hivyo dada yangu ndio hiyo! Adhiambo alijua, Lorine alijua, pengine hata omena walijua.

Sista ni msichana wa Uriri, Mjaluo kama sisi, anaelewa mambo haya. Nilisikia akicheka ndani ya pua. Kisha akakaza sauti. Akamwambia Duke kwamba nesi asiyeweza kitu hasimami mlangoni kama mlingoti, anamwita mwenzake haraka. Lorine akaambiwa yeye pia alisimama tu, na mikono miwili anayo. Warudie Jumatatu, kwa mgonjwa mwingine, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho kabisa.

Akauliza Rispa wa Sindo ni nani hasa. Nikasema tumbo sasa linauma kweli.

Jumapili, 16 Novemba

Lorine ameniapisha kwa simu nisikanyage chuoni. Adhiambo amekuja pia kuniomba nitulie, na sokoni jana alivuta beseni lake kando. Nimewaahidi wote.

Lakini huyo mgonjwa mwingine ni nani? Mgeni tu! Atajua kugeuza macho? Atakohoa kwa wakati? Mtoto wangu aharibikiwe kwa sababu ya mtu asiyejua kuugua?

Nimepita kwa Sainab, mwenye duka la nguo. Ameniazima buibui na nikabu, yanabaki macho tu. Akauliza kama nimesilimu. Nikasema kuna shughuli ya familia.

Duke hawezi kumgusa maro wake, hilo sasa nimelielewa kabisa. Ndiyo maana sitamwambia.