Samaki Asiyejua Kusema Sijambo

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mzee wa Mbweni aliyefundisha baiolojia hadi chaki ikamchoka, na ambaye, kwa maneno ya daktari wake, hatafika Krismasi. Siri hiyo nakukabidhi wewe tu. Waweza hata kuichapisha, maana nyumbani kwetu hawasomi gazeti, wanasoma samaki.

Samaki mwenyewe anaitwa diskasi, bapa na mviringo kama sahani. Anafugwa sebuleni, kwenye tangi la kioo, na Sekela, mke wa mwanangu Brightson. Rangi yake ni ya chungwa. Akiogopa, akionewa na wenzake, maji yakichafuka au maradhi yakimwingia, chembe za rangi ngozini hutanuka, naye hupiga weusi na kutoa milia. Namlalamikia hivi:

1. Hana adabu. Sisi tuliozaliwa Rungwe tulifundishwa kwamba ukiulizwa hali, jibu ni sijambo, na anayetaka kujua zaidi asubiri matanga. Diskasi hangoji hata kuulizwa.

2. Hatunzi siri. Jioni moja Brightson na mkewe waligombana, mlango ukabamizwa. Wanajumuiya walipoingia kusali, waliwakuta wenyeji wakitabasamu na samaki ana milia. Mama mmoja akanong'ona, "Humu ndani kuna jambo." Sala ya kuombea mvua ikageuka ya kuombea ndoa.

3. Anapendelewa. Akibadilika kidogo tu, Sekela hupima joto la maji, humulika kwa tochi, humpigia simu muuza samaki wa Kinondoni. Mimi macho yamekuwa manjano kama binzari tangu Pasaka. Lakini kwa mila yetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Basi kila asubuhi Sekela huniamkia akiangalia zulia: "Shikamoo, Baba. Umeamkaje?" Nami hulijibu zulia kwamba sijambo.

4. Tabia hii ikiambukiza watu, nchi itaendeshwaje? Fikiria ofisi nzima ikipiga weusi bosi anapoingia. Ifikapo katikati ya mwezi, mishahara ikiwa imekwisha, Mbagala yote ingetoka milia. Serikali ingelazimika kuuliza kuna nini, na ikishauliza, ingelazimika kusikiliza jibu.

Kwa hiyo naomba itungwe sheria: kila tangi liwe na pazia, livutwe wageni wakibisha hodi. Diskasi atakayeshindwa kudumu na rangi yake ya chungwa apakwe.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa na mlinzi wa getini. Wakiniulizia, waambie mimi ni mzima.

Wako katika adabu,
Mwl. Kornelio Mwakyoma (mstaafu)

N.B. Tafadhali usichapishe. Nilikuwa natafuta bahasha karibu na tangi, Sekela akaja kummulika samaki wake. Mwanga ukanipita machoni, ukarudi. Nikasema sijambo kabla hajauliza.

Hakuizima tochi. "Nisamehe, Baba, leo nakutazama," alisema. "Huyu samaki hajawahi kunidanganya."

Nimemweleza yote, ya daktari na ya Krismasi. Sasa yuko mlangoni ameshika koti langu, Brightson amekwishawasha gari, nami naandika haya kwa haraka. Lile pazia liache. Na hapo ofisini wakiniulizia, waambie mzee anaumwa.