Posa Iliyopitia Kwenye Barafu

Jumatatu, 3 Februari 2014
Erick kanitangulia! Amepeleka posa kwa Doris wangu, na mshenga juu. Baba yake Doris ni marehemu, kwa hiyo neno ni la baba yake mdogo, Mzee Ambakisye, anayefundisha habari za Wagiriki wa kale chuoni. Atajibu Jumapili. Doris anasema ananipenda mimi, ila hatamkaidi baba mdogo. Nina siku sita.

Jumatano, 5 Februari
Nimepata! Mzee amenisimulia kwamba Wagiriki waliamini wafu wana kiu. Unachimba shimo, unamimina maziwa, asali na divai. Marehemu akinywa, anasema kweli. Nikamshauri tumwulize kaka yake kuhusu Doris. Alicheka sana. Kisha akasema kaka alifariki bila kumuaga. Amekubali! Ardhi ya hapa Fridley, mji wetu wa ughaibuni, imeganda kwa baridi, kwa hiyo tutatoboa barafu ziwani. Rafiki yangu Callixte, Mkongo mwenye sauti nzito, atajificha kwenye kibanda cha wavuvi na kuagiza Doris apewe Jotham, yaani mimi. Akili ninayo.

Jumamosi, 8 Februari
Saa saba mchana. Jua kali, joto hakuna. Nikamimina. Maziwa hayakuelea; yalivutwa chini, kama mtu anakunywa kwa mrija. Sauti ikatoka. Safi sana, Callixte, nikawaza. Lakini ilitoka shimoni! Ikamwita Mzee kwa jina la utotoni ambalo hata Doris halijui. Mzee akapiga magoti, analia. Sauti ikauliza posa yangu imeletwa na nani. Nikasema nimeileta mwenyewe. Ikauliza tena, taratibu, mshenga wangu yuko wapi. Nilikimbia hadi kwenye gari. Kwenye simu, ujumbe wa Callixte: “Pardon ndugu, motokari inakatala kuwaka. Niko tu nyumbani, mjini Savage.”

Jumapili, 9 Februari
Mzee amemwambia Erick asubiri. Kaka mwenyewe, anasema, anamngoja mshenga wangu.

Jumanne, 11 Februari
Nimewaza. Kosa langu ni moja tu: nilikwenda bila mshenga. Leo nimemtembelea jirani yangu, Mzee Onesphore, aliyelazwa hospitalini. Madaktari wamempa siku chache. Nimempelekea machungwa, nimemsomea zaburi, nimemshika mkono. Kisha nikamwekea barua ya posa chini ya mto. Akauliza mbona bahasha haina anwani. Nikamwambia asijali, akifika ataelekezwa.